Zamu ya Maji

Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Aldershot.
Mshika funguo ni mimi. Saa tisa nafungua,
mabomba ya joto yanakohoa, natandika viti
mia na ishirini, nahesabu, narudia.
Wananiita dai, yaani kaka. Nimezoea.

Mlima wameuchora kwenye mashuka,
mto ni kitambaa cha buluu kinachovutwa na watoto wawili,
mmoja ana mafua.
Mbuzi ni mbwa wa jirani, kavishwa pembe za boksi,
kila ngoma ikilia anabweka.

Lugha siijui. Mchezo niliuelewa.
Mwenyekiti wa kijiji ana muhuri na masharubu.
Usiku anahamisha jiwe la mfereji,
maji ya mjane yanakwenda kulala kwake.
Kura zinapigwa kwa punje za mahindi
na chungu chake kinajaa kabla jogoo hajawika.
Watu wakacheka. Mimi nilichelewa kucheka,
nilikuwa Kibosho, kwenye mfongo wa babu,
siku baba mdogo alipong'oa masale ya mpaka
akayapanda hatua nne ndani ya migomba yetu
na kuyamwagilia, ili yashike.

Nami nikangoja kiangazi.
Usiku wa zamu yake niliziba mfongo kwa magunia,
usiku wa pili pia, na wa tatu.
Miche yake ya kahawa ilisimama imekauka kama vijiti vya kiberiti.
Nikapanda ndege bila kumuaga.

Sasa, huyu aliyetunga mchezo,
Harkamaya Pun, mjane wa askari,
mwaka jana aligombea uenyekiti wa chama chao
akashindwa kwa kura tatu.
Kura tisa zilikuja kuonekana ndani ya birika,
hapa hapa, jikoni kwangu.
Nilimkabidhi mkononi. Hakusema neno.
Alikwenda kununua daftari.

Aliyeshinda ni Mzee Narjit.
Na Alhamisi mwigizaji wa mwenyekiti aliteleza kwenye barafu,
nyonga ikavunjika. Nani anayajua maneno yake?
Narjit akanyoosha kidole.
Kila jioni ya mazoezi alikuwa nje ya mlango
akijifanya anangoja basi.

Kazi yangu ilikuwa moja: mundu ukishuka, nizime taa.
Mundu wa mbao, umevikwa karatasi ya kufungia kuku.

Ukapanda. Haukushuka.
Ngoma ikasubiri, ikarudia mapigo yake, ikanyamaza.
Hata mbwa.
Narjit, magotini, sharubu moja imebanduka gundi,
akasema kitu. Kifupi.
Wala si kwa ile sauti ya jukwaani.
Nikamwinamia binti anayewakumbusha waigizaji maneno:
Amesemaje?
Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma.
"Haimo humu," akasema.

Sikuzima taa. Ningezima lini?
Mkono wa yule mama ulibaki juu hadi ukatetemeka,
kisha akampa mgongo, akaliendea jiwe la boksi,
akalisukuma kwa mguu mpaka pale lilipokuwa mwanzo.
Watoto wakaupindisha mto. Mmoja akapiga chafya.
Watu hawakujua kama wapige makofi.
Mundu aliondoka nao. Hakuuweka chini.

Nilifagia peke yangu. Punje za mahindi
zilikuwa zimeingia kila pembe, nyingine hadi chini ya piano.
Narjit alirudi kuchukua kofia yake,
akanisaidia kukunja viti, kama kumi hivi,
akasema usiku mwema.

Kwenye duka kubwa karibu na stesheni
wanauza sale, likiwa kwenye chungu, kama pambo la sebuleni.
Pauni kumi na mbili. Kila wiki nalipita.
Kwetu anayeomba radhi hulifunga jani lake fundo
na kulipeleka kwa mikono yake,
na anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa.
Jumatatu nilisimama.
Nikamuuliza kijana wa duka bei,
ingawa imeandikwa.