Kadi Namba Ishirini na Saba

Programu ni ya bure, ndivyo nilivyoambiwa.
Bure: isipokuwa karatasi, isipokuwa wino
wa yule kijana wa fotokopi pale Nyawera
aliyenihesabia kurasa hamsini na nne
kama anayehesabu maharagwe ya deni;
isipokuwa megabaiti nilizonunua
badala ya sukari;
isipokuwa umeme, uliorudi saa tisa za usiku
nami nikaamka kuichomeka simu
kama mama aamkaye kunyonyesha.

Mwaka wa tano, shule ya mtelemko wa Kadutu.
Mvua ikinyesha, bati hufundisha peke yake.
Watoto hamsini na nne, madawati kumi na manne,
simu moja, yangu, kioo chake kina ufa
kama Ruzizi kwenye ramani.

Kila mtoto nikampa mchoro wake mweusi,
pembe nne, herufi nne.
Ukitaka A, A iwe juu.
Ukitaka C, geuza kadi, usiseme kitu.
Nitapitisha simu mbele yenu polepole
kama padri anyunyizaye maji ya baraka,
nayo itasoma alichofikiri kila mmoja
bila jirani yake kujua.

"Bila jirani kujua?" akauliza Ntakwinja,
mnakili tangu darasa la kwanza.
Bila jirani kujua.
Akaketi, uso umemshuka.

Lakini kwanza niliuliza kama siku zote, kwa mdomo:
nusu na theluthi, ipi kubwa, tulisema jana, mmeelewa?
"Tumeelewa, mwalimuuu!"
Miaka tisa nimeshiba kiitikio hicho.
Nimelala nacho. Nimekiandikia ripoti.

Kisha: kadi juu.
Kimya, hata nikamsikia muuza sambaza
akipatana bei kule barabarani.
Simu ikapita safu kwa safu ikidondosha nukta,
kijani, nyekundu, nyekundu, nyekundu,
nyekundu.
Kumi na mmoja tu.
Wengine wote waliona tatu inaizidi mbili,
basi theluthi lazima iishinde nusu.
Nani angewalaumu?
Mimi ndiye niliyewafundisha kuitika.

Nikafuta ubao. Nikamtuma Cubaka kwa Mama Nabintu
alete mkate mmoja, nitalipa mwisho wa mwezi.
Tukaukata kwa rula.
Haya, anayetaka theluthi anyooshe mkono.
Hakuna mkono.
Waliocheka wa kwanza ndio walioelewa wa kwanza,
na makombo aliyaokota nani, sikuuliza.

Namba ishirini na saba ilikuwa kijani.
Zihindula, wa nyuma kabisa, ubavuni mwa mlango,
ambaye neno likimfika kinywani hukwama
kama lori kwenye matope ya Panzi.
Tangu Septemba sijawahi kumngoja amalize.
Naandika hili nisije nikajisamehe upesi:
sikumngoja.

Ijumaa akaja bila kadi.
Mama yake alikosa cha kuwashia makala.
Hakueleza. Alinionyesha vidole vyeusi
na jalada la daftari lililochanwa,
mchoro wake ameuchora upya kwa kipande cha kaa,
kutoka kichwani, pembe zote,
hata kile kijipengo cha kushoto
ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekiona.
Nikamwambia: mashine haitakubali, mwanangu.
Akainua hivyo hivyo.

Simu ikasita. Betri asilimia sita.
Nikasogea hatua moja, nikatuliza mkono.
Ikasita tena, kama mtu anayetafuta jina
la uso anaoujua,
halafu nukta:
ishirini na saba, yupo.

Nyekundu.
Safari hii alikuwa amekosea.

Darasa halikujua; ndiyo faida ya kadi.
Nikaizima simu, nikaitia mfukoni,
nikavuta ndoo, nikaketi mbele ya dawati lake.
Nieleze, nikasema, umefikaje hapo.
Akafungua kinywa. Neno likakwama.
Juu yetu mvua ilikuwa imeanza kugonga bati.
Nikangoja.