Kompyuta Kumi na Nne za Ghorofa ya Pili

Barua ya kampuni ilisema: zitupwe.
Hazipokei tena masasisho, haziko salama,
na bei ya mpya iliambatishwa, pamoja na sifuri zake.
Bi Ogden akaikunja mara mbili, akaitegea kikombe cha chai.
"Shekue, hela hiyo hatuna.
Tuna Ijumaa. Na Jumamosi, ukitaka."

Basi niko Rochdale, ofisi ya kutetea wapangaji,
na mvua inabisha dirishani kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimezipanga mezani, nyeusi,
za enzi zile binti yangu hajang'oka jino.
Moja inavuma kama friji.
Moja haina herufi R: nimeandika habari, imejibu habai.
Moja, ukiiwasha, kachemshe maji,
kunywa chai, osha kikombe,
rudi uikute bado inawaza.

Mfukoni nina flashi, fupi kuliko kidole gumba.
Ndani yake mna mfumo mwepesi:
hauna stoo, hauna uvungu.
Utakachoandika kitakaa winguni,
mashine ibaki kuwa dirisha tu.
"Wingu lipi?" aliuliza Bi Ogden, akatazama nje.
"Ya hapa yote yamejaa."

Chomeka. Washa. Bonyeza kabla haijaamka.
Skrini inauliza kwa adabu ya karani wa benki:
kila kilichomo kitafutwa, uendelee?
Ndiyo.
Ndiyo.
Ndiyo.
Ya nne ilikuwa ya Derek Schofield.

Miaka kumi na tisa alikaa kona ile ya radieta.
Chini ya kibodi, kikaratasi cha manjano:
nywila yake, jina la mbwa na mwaka.
Nilipaswa kufuta. Niliingia kwanza.
Bi Hussain, ukungu chumba cha mtoto.
Familia ya Nuttall, boila, Desemba, barua ya saba.
Na faili moja, Mambo ya Kusema Siku ya Kuaga,
yenye mstari mmoja:
asanteni, na mtu amwagilie ule mmea.

Siku hiyo haikufika. Aliagwa kwingine,
mimi nilikuwa bado nafagia ghala kule Heywood.
Nikageuka. Mmea upo dirishani.
Ni wa plastiki.
Nikachungulia kopo lake.
Lina maji.

Nikazipandisha faili zote winguni, na ule mstari pia,
ndipo nikajibu ndiyo.

Korogwe nilikuwa mhasibu wa shamba la katani.
Hapa waliniambia vyeti vyangu vimepitwa na wakati.
Sitaki kulinganisha, mtu si mashine,
ila nilicheka peke yangu, usiku ule, na radieta.

Ile isiyo na R niliijaribu kwa ubeti,
nikichagua maneno yasiyoihitaji:

Chakavu si takataka, kwa anayejua kazi,
Mzigo ukipunguka, hupungua na machozi,
Kikongwe huchangamka, akaacha usingizi,
Pakacha likishavuja, nafuu kwa mchukuzi.

Ya kumi na tatu ilikataa kabisa.
Nikaing'oa feni, nikaipa ile ya friji, ikanyamaza.

Jumatatu saa tatu mtandao ukakatika.
Dakika kumi, madirisha kumi na tatu yakatutazama,
hayana la kusema.
Bi Ogden akatoa kalamu, hakuniangalia.
Uliporudi, Bi Hussain alikuwa ameketi kona ya Derek
na barua mpya ya mwenye nyumba.
Nikagusa kitufe. Kabla hajavua skafu
ukungu wake wote ulikuwa mbele yetu, tarehe kwa tarehe.

"Mmenunua mpya?" akauliza.

Nikasema hapana.
Nikachukua kikombe, nikaenda kumwagilia mmea.