King'ora cha Njedengwa

Bosi kaniita barazani, chai yake haijapoa:
"Sechelela, kile kidude kizime.
Jana kimelia mara sita,
wageni wameacha nyama mezani."

Ni kweli, mara sita.
Ya kwanza kunguru, alishuka kuoga.
Ya pili upepo, huu wetu wa Agosti,
ulinyakua ndoo tupu ya jirani
anayesubiri mgao tangu Jumatatu,
ukaitupa bwawani kwetu. Ikajaa.
Ya tatu, ya nne, sikumbuki.
Ya tano tawi la mwarobaini.

Ya sita nilikuwa nasonga ugali.
Niliacha mwiko umesimama sufuriani
nikakimbia na ndala moja.
Mpira. Mwekundu, unazunguka polepole.
Na Lameki, miaka mitatu kasoro,
kasimama ukingoni,
unyayo mmoja umelowa.

Niliukausha kwa khanga yangu.
Sikumwambia mtu.

Kwetu Mvumi maji tulichimba mchangani,
tukayasubiri yapande, kata moja, kata nyingine.
Nani angejua kuogelea?
Utaogelea ndani ya kata?
Kisha likachimbwa lambo la ng'ombe,
tukapiga vigelegele siku nzima.
Mwaka uleule binamu yangu Nyemo
alishuka kuchota.
Tulikuwa hatua ishirini tu,
tunagombania kamba ya kuruka.

Watu husema anayezama hupiga kelele.
Nani kawaambia?
Maji humziba mdomo kwanza.
Sisi tulisikia ng'ombe wakinywa,
na zamu yangu ya kuruka ikafika,
nikaruka.

Basi nikamwambia bosi:
maji ni bubu, baba Lameki.
Hiki kidude ndicho ulimi wake,
ulimi wenye kigugumizi, sawa,
unaropoka kunguru, unaropoka ndoo.
Acha uropoke.
Mimi miguu ninayo.
Halafu nikamwambia habari ya unyayo.

Hakujibu. Chai ilipoa.
Akaenda hadi kwenye geti dogo la bwawa,
akalisukuma, likarudi, likabaki wazi
upana wa mtoto.
Akalisukuma tena.
"Komeo halishiki," akasema, kwa sauti ndogo,
kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe,
akatoa simu kumtafuta fundi.

Jioni kunguru alirudi.
Kikalia.
Tulikimbia wote wawili,
yeye na soksi, mimi na mwiko mkononi.