Mita Kumi

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga;
hawakusema hushuka na vidole vingapi.
Mimi nilishuka na vyote kumi, ganzi tupu,
kamera nimeifunga juu kwa mikanda miwili ya chuma,
uso wake nimeuelekeza bwawani.

Hapa Vardø, Novemba, saa nne asubuhi
ina rangi ya sufuria iliyosuguliwa.
Bwawa la kuogelea la mji linavunjwa.
Paa limeshaondoka, theluji inaanguka
mle watoto walimojifunza kuelea.
Wajenzi wanataka filamu:
miezi kumi na minne ikunjwe iwe robo saa.

Zamani kila kosa lilikuwa ngazi.
Saa haijawekwa, panda.
Kadi imejaa, panda.
Umesahau kuwasha, panda ukijitukana.
Siku hizi nakaa garini, hita miguuni,
navua glavu moja kwa meno,
naiambia simu: tafuta.

Duara linazunguka. Majina yanatokea
moja moja, kama wageni mlangoni:
spika ya dereva wa kijiko,
saa ya mkononi ya mtu nisiyemjua,
KAMERA-07, hiyo yangu,
na chini kabisa, mawimbi hafifu,
Masikio ya Torleiv.

Nikafuta kioo kwa kiwiko.
Pale kwenye uzio, mzee wa kofia nyeusi ya sufu,
mikono nyuma, kama mkaguzi asiyelipwa.
Ningeweza kugusa jina lake
nikamjazia fuvu taarifa ya habari.
Macho hayana pazia,
lakini masikio yana mwenyewe.
Sikugusa.

Nikaunganisha kamera. Namba ya siri, sifuri mara nne.
Picha moja kila dakika kumi,
saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.
Nuru haba: kubali.
Usiku lala, asubuhi amka mwenyewe.
Anza.
Taa ya kijani ikakonyeza mara tatu
kule juu, kwenye upepo, bila mimi.

Nilipofungua mlango alikuwa amefika.
"Wewe ni wa Birger," akasema. Hakuuliza.
"Hicho chombo kinaona mpaka chini?"
Mpaka chini, nikamjibu.
"Vigae vya chini nilivibandika mimi.
Elfu sita na mia nne. Kimoja kimepinda.
Aliyekuwa akikiona ni mimi tu,
kila Jumapili, nikipiga mbizi."

Jua likazama likakaa huko huko wiki nane.
Nikawa naja mara moja kwa mwezi,
naegesha ndani ya mita kumi,
nashusha picha, napima betri,
na kabla ya yote napitisha kidole kwenye orodha
hadi chini. Yupo. Yupo.
Mwezi mmoja hakuwepo, nikala mkate bila hamu,
kisha akatokea, kumbe alikuwa upande wa pili wa lori.

Februari wakaomba kionjo.
Wafanyakazi wanarukaruka kama viroboto,
winchi inageuza shingo, theluji inapanda na kushuka
kama pumzi ya mtu aliyelala,
na kona ya kushoto, nukta nyeusi
haitikisiki.

Bi Hjørdis wa kampuni akaniandikia:
kile kidoa ni uchafu kwenye lenzi, kifute.
Nikajibu kwamba lenzi ni safi.

Nimeitazama mara nyingi siku ile ya sakafu.
Nyundo inashuka, vigae vinapasuka,
kwa mbali vyote vimenyooka, siwezi kujua ni kipi.
Picha nne elfu mia nne na sita.
Ukipepesa jicho umeikosa.
Katika hiyo, na hiyo peke yake,
nukta ni nyeupe: amevua kofia.

Kadi ina nafasi.
Betri, asilimia arobaini na moja.