Ada ya Mwezi

Miaka tisa nililipa huku nimenuna.
Kila tarehe tano, ada ya chama,
bei ya kilo mbili za nyama ya kondoo,
na nilichopata ni risiti
yenye mhuri uliokaukiwa wino,
kutoka vyumba viwili juu ya duka la matairi
hapa Comodoro, mji ambao upepo
huingia bila hodi na kuketi kabla ya mwenyeji.

Mkutano wa mwaka nilihudhuria mara moja.
Saa mbili nzima, wanasaikolojia arobaini
walibishana kuhusu kununua jiko la gesi.
Watu wanaolipwa kusikiliza,
na hakuna aliyemsikiliza jirani yake.
Niliondoka kabla kibuyu cha majani machungu
hakijanifikia: mrija mmoja, midomo arobaini.

Kisha ikaja barua.

Ilikuwa Julai, barabara ya kusini imefungwa kwa theluji.
Wakili wa kampuni ya mafuta alitaka daftari langu,
kurasa zote za mtu mmoja, nimwite Fulani,
ambaye bomba la chuma lilimkosa kwa shubiri moja
likampata mwenzake,
na tangu siku hiyo halali bila taa.
"Tunataka kuthibitisha tu
kama kweli anaumwa."
Siku saba. Ama daftari, ama leseni yangu.

Nikalificha daftari ndani ya oveni.
Cheka ukitaka. Mtu mwenye shahada mbili
alilala sakafuni jikoni
akilinda oveni baridi
kana kwamba mkate ungetoroka.

Kinyozi hajinyoi.
Mimi niliyewafundisha watu kupumua kwa hesabu,
nne ndani, sita nje,
usiku ule nilifika mbili nikapotea.

Asubuhi nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi ya uanachama.
Akapokea Nélida Huenchul,
sauti ya mtu mwenye biskuti mdomoni.
Nilitaka kueleza, nikalia.
Hakusema "tulia." Hakusema "pole."
Nilimsikia tu akitafuna polepole, kwa adabu,
mpaka nikamaliza.
"Namba yako?" Nikaitaja.
"Umelipa hadi Juni. Ya Julai tutagombana baadaye.
Daftari liko wapi?"
"Kwenye oveni."
"Usiwashe."

Alasiri walipanda ngazi zangu, yeye na wakili wa chama,
kijana Brizuela mwenye koti linalompwaya.
Waliandika barua ya mistari minne.
Wa tatu ninao moyoni:
*Yaliyosemwa humo si mali ya aliyeyaandika,
wala ya kampuni, bali ya aliyeyasema.*

Siku ya mahakama nilidhani nitakuwa peke yangu.
Benchi la nyuma likajaa: kumi na wanne,
wale wale wa jiko la gesi,
makoti yana theluji mabegani,
wamekaa kimya kama watu waliokuja kuazima chumvi.
Hatukushinda kama kwenye sinema.
Hakimu aliahirisha mara mbili, kisha akagawa:
daktari wa mahakama atampima Fulani,
daftari libaki kwangu.
Fulani bado analala na taa.
Lakini hulala.

Siku hizi Alhamisi napanda zile ngazi.
Tunasikilizana kwa zamu, milango imefungwa.
Baadaye tunaandika kwa waziri, kwa mara ya sita:
shule nne, watoto elfu na mia mbili,
mwanasaikolojia mmoja, naye yuko likizo ya uzazi.
Tunaandikia bima inayolipa miezi mitatu nyuma
kana kwamba kodi ya nyumba husubiri.
Waziri hajibu. Tunanunua stempu nyingine.

Ada, kumbe, ni neno lenye milango miwili:
ile unayoilipa,
na ile mliyoizoea pamoja.

Jiko la gesi hatujanunua.
Juzi tulikuwa tunalibishania tena, mimi nikipaza sauti kuliko wote,
simu ikalia mezani kwa Nélida.
Akapokea. Akainua kiganja.
Mtu, huko Sarmiento, alikuwa analia.
Chumba kizima kikanyamaza,
hata upepo, nadhani,
na Nélida akaiweka biskuti chini.