Fahali wa Tatu

Kazi yangu ni kunong'ona.
Nakaa chini ya jukwaa, kwenye kishimo cha mbao
kisichozidi kabati la nguo,
na mwigizaji akisahau neno namrushia
kimyakimya, kama mtu anayepitisha sarafu chini ya meza.
Miaka ishirini na sita, hapa Maribor,
hakuna mtazamaji aliyewahi kuniona uso.

Kisha kibofu kikaanza kusema kabla ya zamu yake.
Hakikubisha hodi.
Ukurasa wa arobaini na moja,
mfalme anakata roho, anakata roho kwa beti,
nami nimebana mapaja, namwombea afe upesi.
Usiku mmoja alichelewa.
Nilirudi nyumbani koti nimelifunga kiunoni,
theluji ikinipa kisingizio cha kukimbia.

Daktari Hribernik alinipa kidonge cha kukituliza.
Kilisaidia nusu. Baada ya miezi akaongeza cha pili,
chenye njia yake nyingine.
Nikawaza: fahali wawili, zizi moja?
"Watakaa," alisema, "ukiwachunga.
Pima presha kila asubuhi, andika.
Mkojo ukigoma kutoka, usingoje kesho.
Na usimwingize mgeni bila kuniambia."

Nikaandika pembezoni mwa miswada ya zamani:
mia thelathini na moja kwa themanini na mbili.
Mia thelathini na nne.
Haja ndogo mara saba, si kumi na tano.
Mfalme akafa kwa raha zake.

Lakini mdomo ulikauka. Ulimi msasa mtupu,
mnong'ono ukatoka kama mlango unaokwaruza sakafu.
Na baya zaidi: Štefanija ameduwaa jukwaani,
neno liko mbele yangu, limechapwa,
nami nalitazama
kama jina la mtu niliyewahi kumjua.

Neža wa duka la dawa alinimwagisha mkoba kaunta.
Peremende. Leso. Ufunguo wa mlango uliokwisha kubadilishwa.
Na vile vidonge vya mafua
ninavyomeza usiku ili nisinzie.
"Hivi tangu lini?"
"Ah, hivyo si dawa."
Hakucheka. "Hivi navyo hukausha," akasema,
"na hutia ukungu kichwani. Vikikutana na kile cha kwanza..."
Akanyamaza.
Mimi, kwa mazoea, nikamalizia sentensi.

Sasa fahali wamebaki wawili,
kile cha kwanza kimepunguzwa, daktari ndiye aliyepunguza,
si mimi na kisu changu cha jikoni, ingawa nilikishika.
Usingizi haujarudi wote. Saa tisa za usiku
nasikiliza bomba la jirani, nalionea wivu.

Leo kuna onyesho.
Chupa ya maji iko pajani, nanywa mafunda madogo,
mlango wa nyuma nimeuacha wazi, iwapo.
Mfalme anakohoa. Anatazama chini, kwangu.
Amesahau.
Neno ninalo.