Kivuli cha Ukutani

Sechelela alitaka mnazi.
Hoteli yake iko Kibaigwa, ubavuni mwa barabara kuu;
bahari ni mwendo wa kutwa kwa basi,
naye chumvi yake hajaionja.
"Mnazi ni raha," alisema.
"Mteja akiuona, anaagiza soda ya pili."

Nilikoroga kijani. Brashi ikagoma.

Chuoni tulifundishwa kusoma miti kama herufi:
ulionyooka ni tumaini,
uliopinda ni uzee,
uliopasuliwa na radi ni mfalme aliyeanguka,
kisiki ni kaburi lisilo na jina.
Niliyaandika yote. Mtihani nikafaulu.

Lakini mkungugu wa nyuma ya kwetu, kule Mlali,
umepinda kwa sababu mbuzi waliutafuna ungali mche,
na tawi lake la kushoto halipo
kwa sababu mwaka ule wa njaa
mama alihitaji gunia moja la mkaa.
Alikata moja tu,
akauomba mti radhi kwa Kigogo.
Hiyo nayo ni alama ya nini?
Mwalimu hakuitaja.

Basi nikauchora huo.
Udongo mwekundu, anga jeupe la Oktoba,
mti umetanda kama mwavuli uliosahauliwa wazi.
Jeraha nikalipaka kahawia,
halafu nyeusi,
halafu nikaliacha.

Sechelela alikuja na khanga begani, akatazama.
Ugali ukaungua jikoni, bado anatazama.
"Huu hata kwetu upo," akasema.
Kisha: "Punguza bei, basi."
Nikapunguza.

Sasa, jua likishavuka paa,
wapagazi wa soko la mahindi huja kupumzika.
Kivuli ni cha bati, wenyewe wanajua.
Ukuta una hatua ishirini,
lakini wote hubanana pale penye mti.
Migongo yao, jasho na vumbi la magunia,
imelila shina:
rangi imebanduka, saruji imelainika, inang'aa
kama gome wanapojikuna mbuzi.

Juzi nikapigiwa simu: "Njoo uparekebishe."
Nilifika na kopo langu saa nane.
Walikuwa wamelala, miguu barazani,
isipokuwa Ndahani, yule mrefu,
aliyesinzia wima,
kichwa chake kimeziba
palipokatwa tawi.

Nikafunga kopo.
Nikaagiza soda.
Na ya pili.